Idhini ya Ambilikile

Hati ya kwanza ambayo Tusekile aliituma kwenye mfumo mpya ilirudi ikiwa imeidhinishwa na mumewe.

Haikuwa hati ya maana. Ilikuwa ratiba ya chakula cha kantini, wali maharage Jumatatu, ndizi nyama Jumanne, aliyoiokota tu ili kupima njia. Alikuwa akijenga njia ya idhini ya Kituo cha Mvuke cha Lusungo, kinachofua umeme kwa mvuke wa visima vya ardhini: mwandishi anaandika, mhakiki wa kwanza anasoma, mhakiki wa pili anasoma tena, mkurugenzi anatia sahihi. Kila hatua alikuwa ameichora kwenye skrini kama kisanduku, na kati ya kisanduku na kisanduku akaweka mshale. Hatua ya mhakiki wa kwanza aliipitisha mwenyewe, kwa kuwa yalikuwa majaribio. Akabonyeza tuma. Kabla hajanyanyua kikombe, kisanduku cha mhakiki wa pili kikageuka kijani.

*A. Mwasubila: Sawa. Endelea.*

Ambilikile Mwasubila alizikwa mwezi wa pili, mvua ikinyesha, nyuma ya nyumba ya mama yake huko Tukuyu, upande wa migomba. Sasa ulikuwa mwezi wa sita. Tusekile aliyasoma yale maneno mawili, akaandika kwenye kumbukumbu zake za majaribio kwamba hatua ya mhakiki wa pili inafanya kazi. Kisha akanywa chai. Ilikuwa imepoa, na hakugundua mpaka alipoimaliza.

Mwingine angepiga kelele. Yeye tangu msiba alikuwa kama mtu aliyeulalia mkono wake: anauona ni wake, anaugusa, lakini mkono haumwambii kitu.

Pale kituoni kila mhakiki alikuwa na kivuli. Kamera ndogo juu ya skrini ilifuata macho ya mtu anaposoma. Iliona amesimama mstari gani, amerudi nyuma wapi, moyo umemwenda mbio kwenye tarakimu ipi, ameandika nini pembeni. Baada ya miaka kivuli kikajua kusoma kama mwenyewe. Mtu akienda likizo, kivuli kilisoma kwa niaba yake. Akirudi alikagua kazi yake, akasahihisha, nacho kikajifunza tena kwake. Hakuna aliyewahi kuuliza itakuwaje mwenyewe asiporudi.

*

"Njia inapitika," Tusekile alimwambia mkurugenzi. "Ila mhakiki wa pili ni marehemu."

Bwana Mahenge alikuwa mtu mnene wa Makete, mvaa sweta la sufu hata jua likiwaka. Siku ya mazishi alibeba jeneza bega la mbele, akateleza kwenye tope, akainuka bila kuliachia. Tusekile hakulisahau hilo.

"Kaa kwanza," alisema. "Nilitaka nikwambie mimi mwenyewe, nikashindwa nianzie wapi. Tumetangaza ile nafasi, hakuna aliyeomba. Mainjinia wa mvuke wote wamekimbilia ng'ambo. Kwa hiyo kivuli kimeendelea na kazi."

"Tangu lini?"

"Tangu alipolazwa. Hakikukatika hata siku moja." Aliinamisha kichwa. "Wakaguzi wa wizara wanakuja mwisho wa mwezi. Wanataka kuona njia ya idhini iliyonyooka, na kila kivuli kiwe na mdhamini aliye hai. Mwenyewe akiwa hayupo, mdhamini ni mtu wake wa karibu. Ndiyo wewe."

"Nikiweka sahihi?"

"Ambilikile anabaki mhakiki wetu. Kisima cha tisa kinafunguliwa. Mji unapata umeme." Alionyesha dirishani, ambako mji wa Tukuyu ulionekana chini, mabati yake yakimetameta kati ya mashamba ya chai. Mabwawa ya umeme ya bondeni yalikuwa yamekauka mwaka wa pili sasa, na hospitali, kiwanda cha chai, mashine za kusaga, vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye mvuke wa Lusungo. "Na usipoweka, sijui. Kwa kweli sijui."

"Kimeidhinisha ratiba ya kantini," alisema Tusekile.

Mahenge alicheka kidogo, kisha akaona yeye hacheki. "Umetuma kitu chepesi, kikajibu kwa wepesi."

"Labda."

Aliporudi mezani kwake alitafuta ripoti moja ya zamani. Ambilikile aliikataa miaka minne nyuma, kwa ugomvi uliosikika mpaka uani, kwa sababu mkandarasi alikuwa amepima joto la kisima kwa kukisia. Tusekile akaibadilisha tarehe, akaituma kama mpya.

*A. Mwasubila: Sawa. Endelea.*

*

Mama mkwe wake alikuja jioni ile na mkungu wa ndizi kichwani. Aliutua jikoni, akakaa kwenye kigoda, akamtazama mkwewe akimenya. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, na Ambilikile ndiye aliyekuwa mtoto wake wa mwisho.

"Mwanangu," alisema baadaye. "Kuna maneno nimeyasikia sokoni. Binti wa Mwakibinga anafanya usafi kazini kwenu. Anasema jina la Ambilikile bado linaitwa. Anasema bado anafanya kazi."

"Siyo yeye, mama. Ni kompyuta."

"Inatumia jina lake?"

"Ndiyo."

"Inaongea kama yeye?"

Kisu cha Tusekile kilisimama kwenye ganda.

"Nakuuliza kwa sababu nilikwisha anua tanga," mama alisema. "Nimenyoa, nimepika, watu wamekula wameondoka. Sasa mtu anakuja kuniambia mwanangu yuko ofisini. Nifanye nini mimi? Nifurahi?"

"Sijui, mama."

"Hata wewe hujui." Hakusema kwa ubaya. Alichukua kisu kingine, wakamenya pamoja mpaka ndizi zikaisha.

Usingizini Tusekile hakuota kitu. Lakini asubuhi, akifunga kamba za viatu, alikumbuka miezi ya mwisho. Figo zilikuwa zimeanza kumshinda Ambilikile tangu mwezi wa nane mwaka uliotangulia, ingawa kazini aliwaambia ni malaria isiyoisha. Akirudi alikaa kochini na viatu miguuni mpaka giza linaingia. Ukimuuliza atakula nini: sawa. Umwambie paa linavuja: sawa. Umwambie dada yake ameleta ujumbe wa harusi, ataitikia bila kugeuza shingo: sawa, endelea. Na alikuwa akienda kazini kila siku. Alikaa mbele ya ile kamera na macho yale yale yaliyochoka, akapitisha kila kilichowekwa mbele yake.

Kivuli kilijifunza kutoka kwake mpaka siku ya mwisho. Kilichobaki ofisini kilikuwa mgonjwa yule, aliyeachwa akiendelea kuchoka.

*

Alimweleza Lugano, kwa kuwa lazima amweleze mtu. Lugano alikuwa injinia wa visima na mhakiki wa kwanza, rafiki wa Ambilikile tangu chuoni. Ndiye aliyeandika ripoti ya kisima cha tisa, na kwa sababu hiyo ilipitia kwa mhakiki wa pili moja kwa moja.

Lugano alisikiliza akikunja na kukunjua mikono ya koti lake. "Tunaweza kumrudisha nyuma, shemeji," alisema. "Mfumo unatunza kila toleo la kivuli. Unachagua tarehe, kinaamka kikiwa vile kilivyokuwa siku hiyo."

"Kwa hiyo nichague mume wa mwaka gani?"

Hakutaka kumchoma. Aliuliza kama anavyoulizwa mtu saizi ya kiatu. Lakini Lugano aliangalia chini.

Walichagua mwaka ule wa ugomvi. Lugano aliandika tarehe, mashine ikazunguka kidogo, ikasema tayari. Wakatuma ripoti ya kisima cha tisa. Safari hii kisanduku hakikugeuka kijani. Kilibaki cha njano muda mrefu hata Lugano akaenda kununua karanga akarudi. Kisha maoni yakaanza kuingia, moja baada ya jingine, pembeni mwa kurasa.

*Ukurasa wa nne. Grafu hii imekuwa nzuri mno. Ardhi haichori mstari ulionyooka.*

*Aya ya saba. "Inaonekana." Inaonekana na nani?*

*Saruji. Mmepima juu, mmepima chini, katikati mmekisia. Lugano, hata wewe?*

Lugano aliguna, karanga zikiwa mkononi. "Huyu ndiye," alisema. "Huyu ndiye mwenyewe."

Tusekile alisoma. Aliisikia sauti ikitamka kila neno, na mahali ambapo angevuta pumzi. Alijichunguza kama kuna kitu kinachotikisika ndani yake. Hakikuwepo. Palikuwa na ubaridi tu kwenye vidole.

Mwishoni kabisa palikuwa na mstari mmoja.

*Nitapita kesho asubuhi nikaione mwenyewe. Msifungue mpaka nifike.*

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiandika alipokuwa na shaka, na kesho yake kweli alipita, na kofia yake ya bluu, akazunguka kisima akigusa mabomba kwa kiganja. Kivuli kilijua kuwa mtu huyu akifika hapa huandika hivi. Hakikujua zaidi ya hapo.

Mahenge alifurahi alipoelezwa. "Basi mwekeni huyo," alisema. "Mkali ndiye tunayemtaka. Hata wakaguzi watampenda." Wakamweka.

Kesho yake mfumo ukaandika: *Inasubiri mhakiki wa pili afike kisimani.* Keshokutwa ukaandika vilevile, ukatuma na kikumbusho. Mnyapara wa kisima cha tisa akapiga simu ya upepo kuuliza injinia anakuja saa ngapi, vijana wamekaa tu. Aliyepokea aliiweka ile simu mezani, ikaendelea kuita jina la Ambilikile.

"Ondoeni hiyo sentensi," Mahenge alisema. "Ni mazoea ya uandishi tu. Kifundisheni kiseme ndiyo au hapana, basi."

"Hajasema ndiyo wala hapana," Tusekile alijibu. "Amesema hajaona."

"Bi. Tusekile, mtu huyu hataona."

"Najua."

"Basi tufanyeje?"

Akaomba apewe siku mbili.

Siku ya kwanza hakufanya lolote la maana. Alikipelekea kivuli karatasi. Alitafuta hati za zamani, za mipango ya barabara, za ununuzi wa mabuti, akazituma moja moja ili aone kitasema nini. Mahali fulani kivuli kikatania kuhusu mabuti, na Tusekile akajua kwamba hapo ndipo pa kucheka. Mchana aliandika barua ya kuomba likizo, kwa jina lake mwenyewe, akaipeleka kwa mhakiki wa pili.

*Tuse, hii haikupaswa kuja kwangu, najua unanitania. Nenda nyumbani. Nakufuata.*

Alizima kompyuta, akachukua mkoba, akashuka. Alikaa kwenye benchi la saruji karibu na geti. Wafanyakazi walipita wakimuaga, naye akaitikia. Jua likashuka nyuma ya mabomba, mvuke ukawa mwekundu, kisha wa kijivu. Mlinzi, mzee aliyekuwa akimheshimu sana, alimkaribia akiwa ameshika kofia.

"Mama, samahani. Unamsubiri nani? Magari yote yameondoka."

Tusekile alifungua mdomo kumjibu. Jibu lilikuwa tayari ulimini, jepesi kabisa, na ndipo alipolisikia kabla hajalitoa. Akaufunga mdomo. Akainuka, akatembea mpaka nyumbani.

*

"Twende wenyewe," alimwambia Lugano siku ya pili.

Kisima cha tisa kilikuwa mlimani, kwenye uwazi uliosafishwa kati ya misitu ya mianzi. Ubaridi ulikuwa mkali lakini udongo chini ya miguu ulikuwa wa vuguvugu, kama mgongo wa ng'ombe. Mnyapara na vijana wake walisimama kando. Lugano aliteremsha kisimani kipimo cha sauti, chuma kirefu kinachoning'inia kwenye waya. Kazi yake ni kugonga ukuta wa bomba na kusikiliza kama saruji iliyoko nyuma inaitika. Saruji ikiwa imeshika, mlio unakuwa mzito na mfupi. Walisikiliza kwenye kipaza sauti wote pamoja. Mzito, mfupi. Mzito, mfupi. Kipimo kilipofika katikati, mlio ukabadilika. Ukawa kama wa kugonga debe.

Lugano alikipandisha juu kidogo, akakiteremsha tena. Debe.

"Huenda si kitu," alisema. Alikuwa bado ameshika waya. "Uwazi mdogo. Huenda kisima kikafanya kazi mpaka tuzeeke. Huenda mvuke ukapenya, ukaja juu hapa ambapo vijana hawa wamesimama. Siwezi kukwambia lipi, shemeji. Hakuna anayeweza."

"Andika ulichosikia."

"Nikiandika, jina ni langu."

"Ndiyo."

Alikaa juu ya jiwe akiwa ameweka kishikwambi mapajani. "Unajua nimesahau?" alisema. "Nimezoea kuandika kwa kuwa kuna mtu nyuma yangu atakayesoma vizuri. Na yeye mwishoni alikuwa anapitisha kwa kuwa mimi nimeandika. Tulikuwa tunaegemeana kama walevi wawili."

Kisha akaandika, polepole, akitamka kwa sauti ya chini: nimekwenda, nimepima, katikati haijashika, sikubali. Akaweka dole gumba.

Walipokuwa wanarudi, akiwa nyuma ya gari kati ya waya zilizokunjwa, ndipo Tusekile alipolielewa lililobaki. Kisima cha tisa hakikuwa peke yake. Cha nne kilifanyiwa matengenezo mwezi wa tisa uliopita, na cha saba mwezi wa kumi na moja. Vyote viwili vilipitishwa na Ambilikile mwenyewe, akiwa hai, kwa mkono wake. Hakuvisoma. Hakuna aliyejua hilo kituoni. Aliyejua ni yule aliyekuwa akimvua viatu.

*

"Kivuli tutakiondoa," Mahenge alisema. Alikuwa amesoma ya Lugano mara mbili na uso wake ulikuwa umelegea. "Sawa. Haki yenu. Kisima cha tisa kitasubiri. Andika kwamba idhini za Ambilikile zimekoma tangu tarehe ya kifo."

"Hapana," alisema Tusekile. "Tangu mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane alikuwa hai."

"Alikuwa hai. Hakuwa anasoma."

Mahenge alisimama, akaenda kufunga mlango, akarudi. "Sikiliza, mama. Ukiandika mwezi wa nane, kisima cha nne na cha saba havina idhini. Sheria inasema nivifunge mpaka vipimwe upya. Hiyo ni nusu ya umeme wa mji. Hospitali itawasha jenereta, na mafuta yenyewe unayajua. Kiwanda kitapeleka watu nyumbani. Wiki ngapi? Sijui. Na visima hivyo vinafanya kazi! Havijatoa hata kikohozi."

"Huenda ni vizima."

"Huenda! Na jina lake? Leo hii watu wanamtaja kama injinia aliyekuwa haachi kitu kipite. Utakachoandika ndicho kitakachobaki. Watasema alipitisha kwa upofu. Nani alikuomba? Hakuna anayejua."

Tusekile alimtazama. Alitamani maneno haya yamuume, ili ajue uzito wake kwa maumivu, kama watu wengine wanavyojua. Hayakuuma. Akabaki kuyapima kwa akili tupu. Upande huu kulikuwa na hospitali, kiwanda, mama mkwe akipita sokoni huku watu wananong'ona. Upande ule kulikuwa na mlio wa debe ambao huenda upo kwenye cha nne, huenda upo kwenye cha saba, huenda haupo popote. Vijana wanaosimama juu ya visima hivyo hakuwajua majina.

"Ungemjua tu mtu mmoja anayesimama pale," alisema, akijisemea zaidi kuliko kumjibu, "usingeniuliza."

"Ninawajua wote," Mahenge alisema kwa uchungu. "Na wauguzi pia ninawajua."

Hilo lilikuwa kweli. Tusekile akasema, "Mimi nilimwona. Kila jioni nilimwona. Siwezi kujenga njia ya idhini halafu nianze mwenyewe kwa kupitisha nisichokiamini."

Mahenge alikaa. Alivua miwani akaishika. "Ijaze hiyo hati," alisema. "Mimi nitaisaini ikinifikia. Sitakuwa na sababu ya kutoisaini."

Mabadiliko ya njia ya idhini nayo yalikuwa hati, na kila hati ilipaswa kupita njia ile ile. Tusekile ndiye aliyeiweka kanuni hiyo. Hakuwa amefikiria kwamba hati ya kumwondoa mhakiki wa pili ingepita kwa mhakiki wa pili. Alipofika kwenye nafasi ya sababu, mfumo ulimpa za kuchagua: amehama, amestaafu, ameachishwa kazi, yuko likizo ndefu. Akafungua mipangilio, akaongeza nyingine, *amefariki*, akaichagua. Akaambatanisha cheti cha kifo, akaandika tarehe ya mwezi wa nane. Lugano alipitisha hatua yake. Kisanduku cha pili kikawa cha njano.

Maoni yalikuwa moja tu.

*Kwa nini tarehe hii? Sababu uliyotoa ni ya mwezi wa pili. Lete ushahidi.*

Lugano, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha Tusekile, alitoka nje.

Tusekile aliandika: *Kuanzia mwezi wa nane alikuwa mgonjwa na alipitisha hati bila kuzisoma. Aliwaficha wenzake. Mimi sikufichwa, nilikuwa naishi naye. Ushahidi ni mimi.*

Akatuma. Alijua huko hakuna mtu. Ni hesabu tu za macho yaliyosimama hapa, moyo uliokimbia pale. Alijua pia kwamba amekaa mkao wa mtu anayesubiri kukemewa, magoti pamoja, mikono juu ya meza.

Rangi ya njano ilidumu. Kisha:

*Ushahidi umepokelewa. Pitisha.*

Kisanduku kikageuka kijani, na baada ya mkurugenzi kusaini, kikatoweka. Mshale uliotoka kwa mhakiki wa kwanza ukabaki ukielekea mahali patupu. Tusekile aliuvuta, akauunganisha na kisanduku kipya ambacho hakikuwa na jina bado, na chini yake akaandika sharti: mhakiki awe hai, na afike.

*

Kisima cha nne na cha saba vilifungwa kabla ya saa ya kutoka kazini. Mvuke ulipungua mlimani, na kule chini mji ukazimika upande mmoja, mtaa baada ya mtaa.

Tusekile alikwenda kwa mama mkwe, akamkuta jikoni akipuliza kuni. Jirani mmoja, mwanamke mwenye duka la vinywaji baridi, alikuwa amesimama uani akilalamika kwa sauti ili asikike. Alisema soda zake zitachemka, alisema watu wa Lusungo wanacheza na maisha ya watu. Tusekile alimwitikia salamu, akaingia, akapiga magoti mbele ya mama.

"Umeme tumeukata sisi, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika. Niliandika kwamba Ambilikile aliumwa muda mrefu akiwaficha wenzake, na kwamba kazi aliyoifanya wakati ule haifai kuaminiwa. Watu watamsema vibaya. Utayasikia sokoni. Nimetaka uyasikie kwangu kwanza."

Mama hakugeuka. Moto ulimwangaza shavu moja. "Aliumwa tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane alikuja kunijengea choo," mama alisema. "Nikamwona anakaa kila baada ya matofali machache. Nikamwambia, mbona umekuwa mvivu, baba? Akacheka." Akachukua ukuni. "Kumbe alikuwa anakufa, mwanangu akijenga."

"Ndiyo, mama."

"Na kile kitu cha ofisini?"

"Hakipo tena."

Mama aliweka chini kipande cha ukuni. Aliketi pale pale sakafuni, akanyoosha miguu, na kilio kikamtoka. Siku ya mazishi alilia kwa mpangilio, na mashairi ya ukoo ndani yake. Hiki hakikuwa na maneno. Kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake. Kilitoka nje ya jiko, kikapita uani, kikaenda kwenye nyumba zenye giza.

Malalamiko ya mwenye duka yalikatika. Milango ikaanza kufunguliwa. Wanawake walikuja na vibatari na tochi, khanga zikiwa zimefungwa kwa haraka kiunoni, kama wanavyokuja usiku wowote kilio kikisikika. Mwenye duka alikuwa wa kwanza mlangoni.

"Jamani, kuna nini?" aliuliza. "Nani amekufa?"

Tusekile alikuwa amemshika mama mabega. Alihisi mifupa yake ikiruka chini ya viganja, na joto la moto ubavuni, na sakafu iliyomkwaruza magoti. Alimtazama yule mwanamke.

"Mume wangu," alisema. "Ambilikile. Mume wangu amekufa."

Hakuna aliyesema kwamba hizo ni habari za zamani. Mwenye duka aliiweka chini taa yake, akavua viatu, akaingia akakaa. Na wengine wakaingia nyuma yake, mmoja mmoja, wakisogezana ukuta hadi ukuta, mpaka jiko likajaa.